Nani anasogea: mtu au ramani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha jiografia, na kwa muda sasa nimekuwa nikijifunza kuandika programu. Nimechukua ramani ya dijitali, ileile tuliyoizoea kwenye kompyuta, nikaiingiza kwenye miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho yote na kumwonyesha mtu dunia ya kompyuta, ili wanafunzi waruke juu ya dunia kama ndege. Wengine wanashikwa na kichefuchefu hata dakika tano hazijaisha. Nikabadilisha: mtu akinyoosha mkono kuonyesha mahali, anahamishiwa hapo kufumba na kufumbua. Kichefuchefu kimepungua, lakini sasa wanapotea. Mtu anafika na hajui alikotoka ni upande gani. Pia wanalalamika kuwa mikono inachoka na majina ya mahali hayasomeki. Nimekosea wapi? Na je, wanafunzi wawili wanaweza kushika ramani moja kwa wakati mmoja?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu njia unayopita nami nilipita. Programu yangu ya kwanza ya ramani ilikuwa ya kuruka: unasukuma kijiti cha kidhibiti kinachoshikwa mkononi, nchi inapita chini ya miguu. Mimi sikusikia chochote, maana nilikuwa nimeshinda nayo kwa wiki kadhaa na mwili ulikuwa umezoea. Mtu wa kwanza niliyemvalisha miwani alipita juu ya bonde, akakata kona kufuata mto, kisha akavua miwani taratibu, akakaa sakafuni na kukumbatia magoti. Alikaa hivyo kitambo bila kusema neno. Niliona haya. Tangu siku hiyo kila ramani ya uhalisia pepe ninayokutana nayo naiuliza swali moja kabla ya mengine: hapa nani anasogea, mtu au ramani? Matatizo yako karibu yote yanafunguka ukishalijibu hilo.

Kwenye kompyuta swali hili halipo. Unaivuta ramani kwa kipanya, nayo inateleza nyuma ya kioo. Kingo za skrini, meza na ukuta vimetulia palepale, kwa hiyo ubongo haukosi pa kushikilia. Ukivaa miwani, vyote hivyo vinatoweka. Ramani imekuwa ndiyo dunia nzima, na dunia nzima ikisogea kwa pamoja macho yanatoa taarifa moja tu: tunakwenda. Lakini ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kinapogeuka, na vichembe vidogo vya chokaa vinavyohisi mwendo na uzito, na vyote vinajibu: hatujatoka hapa. Ubongo unaletewa habari mbili zinazopingana, na maelezo yanayokubalika zaidi ya kichefuchefu cha namna hii ni mgongano huo. Ni ugonjwa wa safari uliopinduliwa: ukisoma kitabu ndani ya gari, sikio linasema tunakwenda huku macho yamo kwenye ukurasa uliotulia.

Kwa hiyo kinachoamua si kasi ya picha peke yake. Kinachoamua ni kile ambacho ubongo umekichukua kuwa ndicho kilichotulia. Mwekee mwanafunzi sakafu isiyosogea na meza isiyosogea, kisha ramani iteleze juu ya meza hiyo: ubongo utasema kuna kitu kinasogea mbele yangu, na sikio halitakuwa na la kupinga. Ramani ileile, ikiachwa itande mpaka ijaze macho yote, inaacha kuwa kitu na kuwa nchi; ukiivuta, wewe ndiye unayejihisi umevutwa.

Waliotangulia waligundua hivyo hivyo. Programu ya Google Earth VR ilipotoka Novemba 2016 kwa ajili ya miwani ya HTC Vive, ilikuja na utaratibu wa kubana upeo wa macho wakati wa kuruka: ukianza kwenda, pembe za picha zinafunikwa na unabaki kuona kwa tundu la mbele, ukisimama, picha inafunguka tena. Mwaka huohuo Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba upeo ukibanwa taratibu kulingana na mwendo, watu hupungukiwa na kero hiyo bila kupoteza hisia ya kuwa mle ndani. Sababu ni kwamba pembe za jicho ndizo zinazopokea kwa nguvu zaidi habari ya "tunakwenda". Ukiamua kubakiza kuruka katika programu yako, weka kinga hiyo, na usimpe mwanafunzi njia ya kuizima siku ya kwanza. Lakini kwa maoni yangu hiyo ni dawa ya kutuliza. Tiba ni meza.

Nikueleze meza ninayoisema. Iwe na upana wa kama mita moja, chini kidogo ya kifua, na ukingo wake uonekane waziwazi wakati wote. Ukingo huo ndio unaofanya kazi ya fremu ya skrini uliyoipoteza. Mkono mmoja ukifumbata, ramani inafuata mkono. Mikono miwili ikifumbata, ramani inakua, inapungua na kuzunguka. Sheria ni moja, na ukiivunja kila mtu ataihisi hata kama hawezi kuitaja: mahali palipo chini ya mkono pabaki chini ya mkono. Mwanafunzi ameshika kilele cha mlima kwa kushoto na mdomo wa mto kwa kulia. Anapotanua mikono, kilele kimo katika kiganja cha kushoto na mdomo wa mto katika kiganja cha kulia, kama mtu anayenyoosha kitambaa. Hesabu yake si ngumu. Umbali wa sasa kati ya mikono ukigawanywa kwa umbali wa mwanzo unakupa kiasi cha kukuza. Pembe ya mstari unaounganisha mikono inakupa mzunguko. Katikati ya mstari huo panakupa msogeo. Ila usiruhusu ramani iiname upande. Izunguke kama sahani juu ya meza, basi. Mikono ya mtu hailingani urefu wakati wote, na ukiifuata kwa kila kitu, bahari itaanza kumwagika.

Je, mtu atafika mbali kwa mikono mitupu? Tupige hesabu. Meza ya mita moja inayoonyesha kilomita 10,000 ni skeli ya 1:10,000,000. Ukitaka meza hiyohiyo ionyeshe kilomita moja tu, yaani mitaa na paa za nyumba, unahitaji kukuza mara 10,000. Mtu akianza mikono ikiwa sentimita 20 na kuitanua hadi sentimita 80, amekuza mara nne. Mara nne ikirudiwa mara sita ni 4,096. Ikirudiwa mara saba ni 16,384. Kwa hiyo kutoka bara hadi mtaa ni kama minyoosho saba. Inavumilika kabisa, mradi mikono iko chini. Hapo ndipo lilipo lalamiko lako la kuchoka: nadhani ramani yako imesimama kama ubao wa darasani, na mwanafunzi anafanya minyoosho yote saba akiwa ameinua mikono usawa wa uso. Shusha ramani, viwiko virudi ubavuni, na nusu ya malalamiko itaisha siku hiyohiyo.

Meza inakuokoa na jambo jingine usilolitaja, ambalo huenda limo katika kichefuchefu cha wanafunzi wako. Ramani ya dijitali haiji nzima. Inakuja kwa vigae, mara nyingi vya pikseli (nukta za picha) 256 kwa 256. Ngazi ya sifuri ni kigae kimoja cha dunia yote, na kila ngazi inayofuata ina vigae mara nne ya iliyotangulia, hata kufika ngazi ya kumi ni vigae 1,048,576. Kwenye kompyuta unatazama kutoka juu kabisa, unahitaji vigae vichache vya ngazi moja. Ukiruka ndani ya miwani unatazama kwa mshazari mpaka upeo wa macho, na upeo huo uko mbali: ukiwa mita 100 juu ya ardhi tambarare unaona kama kilomita 36, na ukiwa mita 1,000 unaona kama kilomita 113. Programu inahangaika kuleta vigae vya karibu vyenye undani na vya mbali visivyo na undani, vyote kwa pamoja. Miwani nyingi huonyesha picha 90 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 11 tu za kuandaliwa. Ikichelewa, dunia inaganda kidogo kichwa kinapogeuka, na tumbo linajua kabla ya macho. Meza inakata ramani kwenye ukingo. Zaidi ya hapo hakuna cha kuchora.

Bado niko kwenye kusogea. Utakapokuza hadi kwenye mitaa utaona majengo yanatetemeka kama yamepigwa na baridi, na utadhani ni hitilafu ya miwani. Siyo. Mitambo ya kuchora picha kwa kawaida huhifadhi mahali kwa namba za biti 32, ambazo zina tarakimu kama saba tu za kuaminika. Nusu kipenyo cha dunia ni kilomita 6,371, yaani mita milioni sita na ushee. Ukipima kila kitu kutoka kitovu cha dunia, hatua ndogo kabisa inayowezekana kule juu kwenye ardhi ni nusu mita. Kona ya nyumba haina pa kukaa kati ya nusu mita na nusu mita, basi inarukaruka. Suluhisho lake linanifurahisha kila ninapolieleza, kwa sababu ni jibu lilelile: hata ndani ya hesabu, usimpeleke mtu mbali. Mwache mtazamaji kwenye sifuri, karibu na sifuri namba zina usahihi wa hali ya juu, na uisogeze dunia kuelekea kwake. Hesabu kubwa za mahali halisi zifanywe kwa namba za biti 64, na kwenye kuchora zipelekwe tofauti ndogondogo tu.

Sasa kupotea. Ulipowahamisha kufumba na kufumbua uliondoa mgongano wa jicho na sikio, lakini uliwanyang'anya pia safari. Doug Bowman na wenzake walilipima jambo hili mwaka 1997 na wakaona kwamba kuhamishwa ghafla bila mwendo wowote kunamvuruga mtu asijue alipo. Mwili wetu una namna ya kujumlisha hatua na mizunguko ili ujue umefika wapi. John O'Keefe alieleza mwaka 1971 chembe za ubongo zinazowaka mnyama anapokuwa mahali fulani. May-Britt Moser na Edvard Moser mwaka 2005 wakaeleza nyingine zinazopanga nafasi kama gridi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mitambo hiyo ya ubongo inaishi kwa kujumlisha. Anayehamishwa kwa kufumba na kufumbua hana cha kujumlisha, kwa hiyo anaanza upya kila anapofika, na hilo si kosa la akili yake wala uvivu.

Jibu lilikuwepo tangu 1995, na nashangaa kwamba programu nyingi bado hazilitumii. Richard Stoakley, Matthew Conway na Randy Pausch, wakiwa Chuo Kikuu cha Virginia, walimpa mtu nakala ndogo ya dunia aliyomo, akaishika mkononi, na ndani ya nakala hiyo kukawa na kidoli kinachoonyesha yeye mwenyewe amesimama wapi na anaelekea upande gani. Unataka kwenda ng'ambo ya mto? Inua kidoli, kiweke ng'ambo ya mto. Umechagua safari yako kutoka juu, kwa jicho la mtu anayesoma ramani, kisha unaingia ndani ya ile nakala. Ukifika hujapotea, maana ulijiweka mwenyewe. Meza yako tayari ni nakala hiyo. Unachokosa ni kidoli.

Nina vidokezo vichache vya kuingia na kutoka. Mtu akishuka ardhini, aelekee dira ileile aliyokuwa akiielekea mezani. Aliyekuwa anatazama kaskazini ashuke akitazama kaskazini. Kugeuka kufanywe kwa shingo na miguu yake, na kama lazima kijiti kitumike, kigeuze kwa mikato ya digrii 30 au 45, kisizungushe dunia polepole. Mwachie mstari mwembamba unaotoka miguuni pake hadi alikotoka. Na meza ndogo ibaki naye huko chini, ikiwa na upana wa kiganja, aitazame anapotaka kama mtu anavyotazama saa ya mkononi.

Kuna wakati mtu anapaswa kweli kusimama ndani ya nchi, na sitaki uone kama nakukataza. Maswali ya "wapi" na "umbali gani" ni ya mezani. Maswali ya "kutoka hapa naona nini" na "mlima huu ungenielemea vipi" hayajibiki mezani. Ila mpaka kati ya mawili hayo si mkali tulivyozoea kudhani. Nilikuwa siku moja na mama mmoja aliyefanya kazi za maji miaka mingi, nikamwekea mezani bonde lenye miinuko yake. Nilikuwa nimeandaa kitufe cha kumshusha ardhini, na nilikuwa tayari kumwelekeza. Hakukiuliza. Alizunguka meza kwa miguu, akapiga magoti, akalaza shavu lake karibu kabisa na usawa wa meza, akafumba jicho moja. Akanyoosha kidole kwenye shingo ya bonde akasema, "Hapa maji yatapita juu." Alikuwa anatazama mteremko kama seremala anavyotazama ubao kama umenyooka. Sikuwa nimeandika mstari hata mmoja wa programu kwa ajili ya kitendo hicho. Kilitoka mwilini mwake, kwa sababu bonde lilikuwa limetulia na yeye ndiye aliyekuwa akisogea kwa miguu yake mwenyewe. Mwendo wa miguu na shingo hauleti kichefuchefu, na ndio mwendo ambao kompyuta haikuwahi kutupa. Acha nafasi ya kuzunguka meza yako pande zote nne.

Kwa kuwa unafundisha jiografia, niseme pia kuhusu dunia nzima. Ramani bapa za mtandaoni hutumia namna ya kuchora iliyotokana na ile ya Gerardus Mercator ya 1569, na ndiyo maana zinakatwa karibu na digrii 85 kaskazini na kusini, na Greenland inaonekana kukaribia ukubwa wa Afrika ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland kama mara 14. Ndani ya miwani huna sababu ya kuendelea kuvumilia hilo, unaweza kumpa mwanafunzi tufe. Lakini tufe lipi? Yalong Yang na wenzake walilinganisha mwaka 2018 namna nne: tufe unalolitazama kutoka nje, tufe ambalo wewe umo ndani yake, ramani bapa, na ramani iliyopinda kukuzunguka. Katika kukadiria mwelekeo, tufe la nje lilikuwa sahihi zaidi na la haraka zaidi. Katika kulinganisha umbali lilishinda kwa usahihi ramani bapa na tufe la ndani. Kulinganisha maeneo kulichukua muda zaidi kwenye matufe kuliko kwenye ramani bapa na ile iliyopinda. Tufe la ndani ndilo lililofanya vibaya karibu kila mahali, na hilo halikunishangaza, maana ndilo pekee linalomfunika mtu kabisa. Anza na tufe la nje kwa dunia, na mwanafunzi akikuza hadi kufika nchi moja, libadilike kuwa meza bapa. Kwa eneo dogo kiasi hicho mpindo wa dunia hauonekani sana.

Milima ina mtego wake. Kwenye tufe lenye kipenyo cha mita moja, Everest yenye mita 8,849 ina kimo cha milimita 0.7. Wanafunzi watakuambia dunia ni laini, na watakuwa wamesema kweli. Ukiongeza kimo, andika mezani umeongeza mara ngapi na uweke njia ya kurudi kwenye kimo halisi. Kwenye skeli ya 1:100,000 Everest ina karibu sentimita 9 na haihitaji kuongezwa chochote. Ukiiongeza hapo unafundisha miteremko ambayo haipo.

Turudi kwenye mikono, maana kuna kuchoka na kuna kukosea. Umesema mwanafunzi ananyoosha mkono kuonyesha mahali. Nadhani una mwale unaotoka kwenye kidhibiti. Mkono ukitetemeka kwa digrii moja tu, ncha ya mwale kwa umbali wa mita mbili inahama sentimita 3.5, na kwa mita kumi inahama zaidi ya sentimita 17. Kisha mtu anabonyeza kitufe, na kule kubonyeza kwenyewe kunasukuma kidhibiti. Utamwona ameelekeza sawasawa, amebonyeza, na mji uliochaguliwa ni wa jirani, naye anakutazama kama umemdanganya. Usichukue mahali mwale ulipokuwa wakati kitufe kinashuka. Tunza kumbukumbu ya mwelekeo wa sehemu ndogo ya sekunde iliyopita na utumie huo. Pia mwale unaokaribia alama ya mji uvutwe na alama hiyo. Kwa kitu kilicho mezani ndani ya ufikivu wa mkono, achana na mwale kabisa, mtu aguse. Kama miwani yako inafuatilia vidole au macho, jicho liachiwe kuelekeza na vidole vithibitishe. Msomaji wa ramani jicho lake linatangatanga, ndiyo kusoma kwenyewe. Ukiruhusu jicho peke yake lichague, kila anachokitazama kitafunguka.

Majina nayo. Jicho zuri linatofautisha kama pikseli 60 kwa kila digrii ya pembe ya kuona. HTC Vive ya 2016 ilikuwa na kama 11, na miwani nyingi za baadaye zinazotumiwa madarasani zina kati ya 20 na 25. Kwa hiyo herufi za ramani yako ya kompyuta, ambazo ni ndogo lakini safi, mle ndani zinakuwa ukungu. Zipe kimo cha digrii moja, ambayo kwa umbali wa mita moja ni sentimita 1.7. Ukifanya hivyo utagundua mara moja kwamba majina hayaenei mezani, na hiyo ndiyo kazi halisi: kuchagua. Mimi huonyesha majina makubwa machache, na mengine yanajitokeza karibu na mkono unapopita, kisha yanazimika. Yasimame juu ya vijiti vifupi, yamgeukie msomaji, na yasikue ramani inapokua. Na usiruhusu ramani isogezwe karibu kuliko nusu mita kutoka usoni. Lenzi za miwani zimewekwa zione kwa umbali mmoja tu, kwa kawaida kati ya mita moja na mbili. Kitu kikija karibu sana, macho yanapinda kukifuata huku lenzi ya jicho inatakiwa ibaki palepale, na kichwa kinaanza kuuma.

Sasa wanafunzi wawili. Inawezekana, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wakisimama pande mbili za meza, kila miwani inachora picha yake, kwa hiyo jina lilelile la mto linaweza kumgeukia kila mmoja wao, jambo ambalo ramani ya karatasi haiwezi. Lakini tofauti hiyo iishie kwenye majina. Ramani yenyewe iwe moja, imelala namna moja kwa wote wawili. Ukiizungusha ili kila mmoja aone kaskazini mbele yake, kidole cha mmoja kitaonyesha mlima na mwenzake atakiona kimeelekea baharini. Anayeshika ramani awe mmoja kwa wakati, na ukingo wa meza uchukue rangi yake ili mwenzake ajue kabla haijasogea. Akitaka kutazama kwingine, ajikatie nakala ndogo yake.

Na kuna hali ya tatu: mmoja yuko mezani, mwingine ameshuka ndani ya bonde. Aliye mezani anamwona mwenzake kama kidoli kilichosimama kando ya mto. Aliye bondeni, akiinua macho, anaona mkono mkubwa ukishuka na kidole kikitua juu ya ukingo wa mlima, na anajua pa kutazama bila kuambiwa. Wanafunzi wanalielewa hili papo hapo. Sharti lake ni moja: mtu akiwa ndani, funga ramani isisogee. Mwenye meza aonyeshe tu, asivute, asikuze, asizungushe, mpaka yule aliye bondeni atoke.